Maji Meusi Katika Rejeta: Kuyatoa Bila Kuchafua Nyumba

Kwa kawaida tunapoandika habari za utunzaji wa nyumba tunasema na wale wanaopikia mkaa, kuni au gesi ya mtungi, ambao baridi kwao ni jambo la majuma machache ya Juni na Julai. Mwezi huu tuseme na dada zetu na binti zetu walioko Uingereza. Si wachache. Wauguzi kutoka kwetu wamekuwa wakienda kufanya kazi katika hospitali za huko kwa miaka mingi, na mwaka 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano kuhusu ajira ya wahudumu wa afya. Mama anapofika huko na watoto wake huonyeshwa mambo mengi kazini, lakini ni nadra kumpata mtu wa kumweleza habari za lile bamba la chuma lililofungwa ukutani chini ya dirisha, ambalo ndilo litakalowapa watoto wake joto kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Bamba hilo ni rejeta. Ni ndugu wa rejeta ya gari, ila ile ya gari hulitupa joto nje na hii ya nyumbani hulitoa chumbani. Mahali fulani ndani ya nyumba, mara nyingi jikoni au kabatini, kuna boila inayochoma gesi na kupasha maji moto. Pampu huyasukuma maji hayo katika mabomba hadi kwenye rejeta za vyumba vyote, kisha yanarudi kwenye boila kupashwa tena. Hapo ndipo penye shida yote: maji ni yale yale. Si kama maji ya kuoga yanayoingia mapya kila siku. Huzunguka humo mwaka baada ya mwaka, yakila chuma polepole kwa ndani, hata yanakuwa meusi kama yale ya kuoshea sufuria ya mkaa. Weusi huo ni kutu, lakini si ile nyekundu tuliyoizoea kwenye mabati. Ni unga laini, mzito, ambao hata sumaku huunasa, nao hutuama chini ya rejeta kama matope chini ya mtungi.

Kikombe kimoja tu cha maji hayo juu ya zulia la rangi ya maziwa, na zulia hilo basi tena. Tunamfahamu mama mmoja ambaye mumewe alitaka kupaka rangi ukuta wa nyuma ya rejeta ya sebuleni. Alifunga vali ya upande mmoja, akaisahau ya pili, akalegeza nati. Walipomaliza kukimbizana na ndoo, weusi ulikuwa umeenea hadi chini ya kochi. Siku ya kuhama, mwenye nyumba alikata gharama ya zulia katika fedha za dhamana waliyoweka. Fedha hizo walikuwa wamekusudia ziwe nauli ya kuwapeleka watoto kumwona bibi yao.

Usianze na spana

Sisi wauguzi humgusa mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Rejeta nayo iguse kwanza. Washa joto, ngoja nusu saa, kisha pitisha mgongo wa mkono juu yake taratibu, kutoka juu kwenda chini.

Ikiwa juu ni baridi na chini ni moto, imeingia hewa tu, na hapo huhitaji kumwaga maji yote. Zima joto, acha ipoe. Pembeni juu kuna tundu dogo lenye pini ya pembe nne, na ufunguo wake mdogo huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kinga kitambaa, zungusha nusu mzunguko kinyume cha saa, utasikia hewa ikitoka kwa kunong'ona. Yakija maji, funga. Akina mama wengi wataishia hapo, na wafurahi.

Ikiwa juu ni moto lakini katikati chini ni baridi, matope yamejaa. Hiyo ndiyo rejeta ya kufunguliwa. Ikiwa moja ni baridi yote na nyingine zote ni moto, mara nyingi kipini cha vali yenye namba kimekwama, wala maji hayana kosa. Na ikiwa zote ni baridi, jambo hilo ni la boila, na boila si yako wala si ya mumeo hata akiwa hodari wa magari. Kazi ya gesi ni ya fundi aliyeandikishwa katika orodha ya Gas Safe, iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Mwombe akuonyeshe kitambulisho chake mlangoni. Hatachukia.

Sababu nyingine ya kumwaga maji ni kutaka kuiondoa rejeta ukutani ili kusugua kuvu iliyoota nyuma yake. Hapa tukae kidogo.

Wako wasemao kwamba chumba kimoja chenye baridi si neno, watoto wavae sweta mbili. Hatukubaliani nao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, lilitaja nyuzi 18 za Selsiasi kuwa joto la ndani linalofaa kuwalinda watu wakati wa baridi, na wachanga, wazee na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Chumba kisichopata joto hukusanya unyevu ukutani, na penye unyevu kuvu huota. Hiyo ndiyo inayomkohoza usiku mtoto mwenye pumu. Desemba 2020 mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, aliyeishi katika mji wa Rochdale, alifariki, na uchunguzi rasmi wa kifo chake uliomalizika Novemba 2022 ulionyesha kwamba alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Wazazi wake, waliotoka Sudan, walikuwa wamelalamika mara kwa mara. Baada ya hapo ilitungwa sheria inayoitwa kwa jina lake, na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba huko England wanatakiwa kushughulikia unyevu na kuvu za hatari kwa muda uliowekwa.

Kwa hiyo mama anayesema "rejeta ya chumba cha watoto haifanyi kazi" hadekezi watoto. Na hapa tuseme jambo ambalo wengi wetu hulikosa kwa aibu ya ugeni: kama umepanga, si kazi yako kuitengeneza. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985, inayotumika England, inamtaka mwenye nyumba aviweke vifaa vya joto na maji moto katika hali njema. Mwandikie. Usipige simu tu. Taja chumba, taja tarehe, piga picha ya kuvu, weka nakala. Akikuruhusu uifanye mwenyewe, omba ruhusa hiyo kwa maandishi. Yanayofuata ni kwa mwenye nyumba yake, au mwenye ruhusa hiyo mkononi.

(Na kabla hatujasahau: nguo mbichi tunazozianika juu ya rejeta, maji yake hayaendi mbinguni. Yanakwenda kwenye ukuta. Zianike bafuni, mlango umefungwa na dirisha wazi.)

Matayarisho ndiyo kazi yenyewe

Zima joto usiku, fanya kazi asubuhi. Maji ya rejeta huweza kufikia nyuzi 60 au 70, na maji ya namna hiyo hubabua ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Akiungua mtu, mwagie maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Usipake siagi, dawa ya meno wala asali. Tumeyaona hayo yote yakiletwa hospitalini juu ya malengelenge.

Watoto waende kwa jirani. Tafuta spana mbili, na mojawapo iwe ile ya kukazwa na kulegezwa mdomo, ambayo mafundi wetu wameipa jina tusiloweza kuliandika katika gazeti hili. Tafuta pia ufunguo mdogo wa hewa, ndoo mbili, na vyombo viwili vya bapa. Beseni halifai, kwa sababu chini ya rejeta nafasi ni ndogo na beseni halipiti. Sinia la kuokea nyama ni zuri, au lile sinia la wapaka rangi, ila lisirudi jikoni tena.

Sasa sakafu. Wengi hutandika taulo, wakaona wamemaliza. Taulo hunywa maji na kuyapeleka chini. Tandika kwanza nailoni pana, uikunje ipande ukutani kama kiganja kimoja, juu yake magazeti, na taulo kuukuu mwisho. Kanga iliyochakaa ifunge kuzunguka bomba chini ya nati, maana tone la kwanza hutambaa kwenye bomba na kushuka mahali usipotazama. Vaa glovu.

Funga, hesabu, pima

Rejeta ya kawaida ina vali mbili chini, moja kila upande. Ya kwanza ina kichwa chenye namba, 1 hadi 5. Izungushe hadi mwisho wa chini. Lakini ujue kwamba alama ya theluji iliyoandikwa hapo si kufunga kabisa. Vali hiyo imetengenezwa ijifungue yenyewe chumba kikiwa baridi sana, ili maji yasigande. Ni salama zaidi kutoa kile kichwa na kufungia kofia maalumu ya plastiki inayokandamiza kipini hadi chini. Hata hivyo usiiache rejeta ikiwa imeondolewa usiku kucha kwa kutegemea vali hiyo peke yake.

Vali ya pili ina kofia isiyo na namba. Vua kofia, utaona kishina cha chuma. Kizungushe kwa spana kufuata saa huku ukihesabu: nusu, moja, moja na nusu, hadi kikatae. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi. Fundi aliyefunga mfumo ule alipima kila rejeta ipate maji kiasi gani, na usiporudisha mizunguko ile ile, chumba kimoja kitapata joto kupita kiasi na kingine kitakosa.

Kisha pima, na hatua hii mume wa mama yule hakuijua. Kabla hujagusa nati yoyote, kinga kitambaa na ufungue kile kitundu cha hewa juu. Maji yataruka kidogo kwa sababu ya presha, kisha yatakoma. Yakikoma, vali zote mbili zimeshika. Yakiendelea kutoka bila kupungua, mojawapo haijafunga. Funga kitundu, kaza tena, pima tena. Kama bado yanatoka, acha kazi umwite fundi bomba. Hujapoteza kitu ila kitambaa kimoja.

Ulipoona yamekoma, funga kitundu cha hewa tena. Sasa weka sinia chini ya nati kubwa inayounganisha vali na rejeta. Shika mwili wa vali kwa spana moja ili bomba lisipinde, na kwa spana ya pili legeza nati. Namna ya kujua upande wa kufungua ni hii: jifanye umekaa ndani ya rejeta ukiitazama vali. Kinyume cha saa ndiko kufungua. Robo mzunguko yatosha, nusu ikibidi. Usiitoe nati.

Utashangaa kuona maji yanadondoka tone tone tu. Kila mama aliyewahi kutoboa kopo la maziwa anajua sababu. Ukitoboa tundu moja, maziwa hayataki kutoka. Ukitoboa la pili, yanamiminika, kwa kuwa hewa imepata njia ya kuingia. Wauguzi wa rika letu wanakumbuka chupa za dripu za kioo, tulivyozichomeka sindano ya hewa ili dawa ishuke. Rejeta ni kopo lile lile. Kile kitundu cha juu ndicho tundu la pili, na ufunguo wake sasa umekuwa koki mkononi mwako. Ufungue kidogo, maji yatatiririka siniani. Sinia likikaribia kujaa, funga ufunguo, maji yatafifia. Kaza nati kidogo, badili sinia, mimina ndooni bila haraka. Kisha endelea. Mtu mmoja juu kwenye ufunguo na mmoja chini kwenye sinia, wakisemezana, hawamwagi hata kijiko.

Rejeta ya bamba moja, ya urefu wa kama mita moja, hutoa lita tatu au nne hivi. Ya mabamba mawili huzidi hapo. Ukiona umejaza ndoo nzima na maji bado yana nguvu, kaza nati ukaangalie vali.

Kuitoa na kuiosha

Maji yakiisha kutoka, bado kuna vikombe kadhaa vya matope mazito chini, na hayo ndiyo mabaya kuliko yote. Legeza nati za pande zote mbili kabisa. Chukua vitambaa vya kuziba midomo ya rejeta mara inapoachana na vali. Inyanyueni watu wawili kutoka kwenye vishikizo vyake, mkiilaza upande mmoja juu kidogo ili tope libaki ndani. Rejeta ya mabamba mawili hupita kilo 25 kwa urahisi. Mwenye mimba asiishike, wala aliyejifungua kwa upasuaji juzi juzi.

Ipelekeni nje moja kwa moja. Msiioshee kwenye beseni la kuogea; itakwaruza na weusi utabaki. Ingizeni mpira wa maji mdomo mmoja, mwingine ukitazama ndooni, mkiipigapiga kwa ubao uliofungwa kitambaa, hadi maji yatoke meupe. Maji machafu yamwagwe chooni. Yana dawa ya kuzuia kutu, na mifereji ya barabarani mingi huishia mtoni. Bustani nayo isinyweshwe maji hayo.

Huku rejeta ikiwa nje, mama asugue ukuta kwa maji na sabuni, akiwa amevaa barakoa na dirisha likiwa wazi, akaushe kabisa. Kupaka rangi juu ya kuvu mbichi ni kuifunika blanketi.

Ikiwa pamoja na tahadhari zote tone limeanguka kwenye zulia, usisugue. Kusugua hukandamiza weusi ndani ya nyuzi. Gandamiza kitambaa kikavu cheupe, inua, geuza upande safi, gandamiza tena, ukitoka pembeni kwenda katikati.

Kurudisha

Rudisha rejeta kwenye vishikizo, kaza nati kwa nguvu ya kawaida ya mkono na spana, kitundu cha hewa kikiwa wazi. Fungua vali yenye namba polepole. Hewa itatoka kwa sauti, kisha maji yatachungulia, funga kitundu. Vali ya pili irudishe kwa hesabu uliyoandika.

Kama boila yako ina kipimo cha presha, utaona mshale umeshuka. Ongeza maji kwa ile koki ya kujazia hadi mshale usimame kati ya 1 na 1.5, mfumo ukiwa baridi, na hakikisha umeifunga koki hiyo. Nyumba za zamani zenye tangi dogo darini hujijaza zenyewe. Ukiwa umeosha rejeta zaidi ya moja, mwulize fundi akupimie dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu uliyoimwaga ni sehemu ya ile iliyokuwemo.

Kausha nati zote, kisha zungushia kila moja karatasi ya chooni. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Itazame baada ya saa moja, washa joto, uitazame tena rejeta ikiwa moto, na mara ya mwisho kesho yake asubuhi. Nailoni iache chini hadi hapo. Ile karatasi ya mizunguko ibandike ndani ya mlango wa kabati la boila, pamoja na jina la chumba na tarehe.